Nyeusi Tititi: Kisa cha Tinti kwenye Nissan 370Z

Alikuja baada ya Magharibi, mimi nishaosha mikono na kuzima taa za ndani. Injini niliisikia kabla sijaliona gari, mlio mzito wa silinda sita unaokuingia kifuani. Hapa Al Quoz, mtaa wa maghala na karakana ndani ya Dubai, magari ya aina hiyo hayamshangazi mtu. Lakini dereva alipofungua mdomo nilijua ni mtoto wa nyumbani.

"Asalaam aleikum, ami. Nimeambiwa wewe ndiye Mswahili wa tinti."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Ndiye. Wataka nini?"

"Nyeusi tititi. Pande zote. Mtu asinione hata akibandika uso kwenye kioo."

Gari lenyewe ni Nissan 370Z ya 2014, rangi ya fedha, usukani kushoto, siti mbili za ngozi nyeusi. Alikuwa amelinunua wiki tatu nyuma kutoka kwa mtu. Anaishi Sharjah, mji jirani, kwa sababu kodi ya nyumba huko ni nafuu, kazi yake iko Jebel Ali, mwisho wa pili wa Dubai, na njia hiyo anaikata kwenda na kurudi siku tano kwa wiki. Kwenye simu alikuwa na picha ya gari kama lake, vioo vyeusi kama makaa, na mfukoni alikuwa na dirham 300 alizozitenga kwa shughuli hiyo.

Ningeweza kumbandikia usiku ule ule nikala changu. Nilimwambia arudi Jumamosi mchana, jua likiwa kali, aje na gari bila kuliosha. Alinuna. Wateja wa magari haya hawapendi kungoja, na ukiwangojesha wanadhani hujui kazi. Alirudi lakini, na siku nne zilizofuata ndizo ninazozichambua hapa, kwa sababu gari lake lilikusanya mahali pamoja karibu kila kosa ninaloliona likifanywa kwenye tinti za magari ya mwendo.

Swali alilolileta halikuwa swali lake

Jumamosi nilimuuliza kwa nini anataka giza. Kwanza akacheka, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula. Kisha sababu zikatoka moja moja. Joto: akitoka kazini usukani haushikiki. Macho ya watu: kwenye foleni kila mtu anachungulia. Mzigo: Z haina buti lililofungwa, kila unachoweka nyuma kinalala chini ya kioo kikubwa kilichoinama, na yeye hutembea na laptopu ya kazini. Ya nne alinong'ona: gari bila tinti halijakamilika, linaonekana kama la kukodi.

Hii ya nne ndiyo iliyokuwa kubwa, na sina ugomvi nayo. Mtu aliyenunua gari la milango miwili kwa jasho lake ana haki ya kutaka lipendeze. Shida ni kwamba alikuwa amezifunga sababu zote nne katika furushi moja lililoandikwa "giza", akaamini kwamba likizidi giza, zote zitatulia kwa pamoja. Kila moja ilikuwa na dawa yake, na mbili kati yake dawa yake haikuwa tinti hata kidogo.

Ya mzigo tuliimaliza kwa dakika moja. Kitambaa cheusi kilichokatwa kwa umbo la sakafu ya nyuma, basi. Mwizi haibi asichojua kipo, na kitambaa hakina faini.

Jua linatoka wapi

Kabla ya kugusa kipimo chochote nilimchukua tukasimama nje, nikamwomba anionyeshe kwa mkono barabara yake ya asubuhi. Fundi wengi hawafanyi hivi, na hata mimi sikuwa nikifanya miaka ya mwanzo.

Kutoka Sharjah kwenda Jebel Ali barabara inafuata pwani, inaelekea kusini-magharibi. Asubuhi jua liko mashariki, kwa hiyo linamjia dereva kutokea nyuma, ubavu wa kushoto. Jioni anageuza, pua ya gari inatazama kaskazini-mashariki, na jua linazama magharibi. Linamjia tena kutokea nyuma, ubavu wa kushoto. Na usukani wake uko kushoto. Saa zote za barabarani, jua lilikuwa linamchoma bega lile lile, asubuhi na jioni, na yeye mwenyewe hakuwa amelitambua mpaka alipoisimamisha mikono yake miwili pamoja akaona wa kushoto umeiva zaidi.

Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori la mizigo huko Marekani, mzee wa miaka 69, aliyekuwa ameendesha kwa miaka 28. Upande wa kulia wa uso wake ni wa mtu wa umri wake. Upande wa kushoto, ule wa dirishani, ngozi imekunjamana kama ya mtu mwingine aliyemzidi miaka mingi. Picha hiyo naiweka kwenye simu yangu. Inauza kuliko maneno.

Kinachofanya vile ni mionzi ya jua ya urujuanimno, ile iitwayo UV. Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vyenye plastiki katikati, na plastiki hiyo inaizuia karibu yote. Vioo vya milango kwa kawaida ni kioo kimoja kilichopashwa moto kikapozwa ghafla ili kikivunjika kiwe vipande vidogo, na hivyo hupitisha sehemu yake. Sasa sikiliza jambo ambalo kijana huyu hakuliamini mpaka nilipomwonyesha: filamu nzuri ya tinti isiyo na rangi, unayoweza kusoma gazeti nyuma yake, inazuia mionzi hiyo karibu asilimia 99, sawasawa na ile nyeusi. Kwa ngozi ya bega, giza halina kazi.

Hiyo ni safari. Gari likisimama ni hesabu nyingine. Mwezi wa sita, adhuhuri, jua la Dubai liko karibu utosini, nyuzi 88 hivi kutoka upeo wa macho. Jua likiwa utosini, vioo vya milango, ambavyo vimesimama, havipati hata robo ya kile kinachoangukia vioo vilivyolala. Na Z ni gari lililolala: kioo cha mbele kimeinama, cha nyuma kimeinama zaidi. Nilimpa kipima joto cha kuelekeza kama tochi apime mwenyewe. Dashibodi ilikuwa moto wa kukaangia chapati. Ngozi ya milangoni ilikuwa ya kawaida.

Kwa hiyo ule usukani usioshikika, ambao ndio uliomleta kwangu, ulikuwa unapikwa na kioo cha mbele. Na kioo cha mbele, kwa sheria ya hapa, hakitiwi tinti. Hata ningemtia makaa pande zote nyingine, saa kumi jioni angetoka kazini akaukuta usukani vile vile. Dawa yake ni lile pazia la kukunja la rangi ya fedha, linalowekwa ndani ya kioo gari likiwa limesimama. Supamaketi ni dirham 25. Nilimwambia anunue kabla ya kunilipa mimi senti.

"Ami, lile la babu zetu?"

"Hilo hilo."

Akaniangalia kama nimemwambia afunge kilemba kwenye gari.

Hesabu ya asilimia

Tangu 2017 Imarati zinaruhusu vioo vya ubavuni na nyuma vya gari binafsi vitiwe giza hadi asilimia 50. Kabla ya hapo ilikuwa 30. Ukizidisha, faini ni dirham 1,500. Kijana alikuwa anajua haya yote, na ndipo alipojikwaa. Duka alilopita kabla yangu lilimwambia filamu ya "35" iko chini ya 50, kwa hiyo ni halali.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi la filamu ni mwanga unaopita. Namba ya sheria ni mwanga unaozuiwa. Filamu ya 35 inapitisha 35 na kuzuia 65. Ile ya 20 inazuia 80. Ile ya 5, ambayo ndiyo iliyokuwa kwenye picha yake, inazuia 95, na ukiwa ndani yake usiku unaendesha kwa dua. Kadiri namba inavyopungua ndivyo giza linavyozidi, na kila wiki napokea mtu aliyeelewa kinyume. Wengine wameeleweshwa kinyume kwa makusudi.

Halafu kuna jambo la pili. Kioo chenyewe, kitupu, si maji. Nilikipima cha mlango wake kikapitisha 78. Ukibandika filamu, namba hazijumlishwi, zinazidishwa. Filamu ya 50 juu ya kioo cha 78 inakupa 39, yaani giza la 61, na hapo umeshavuka mpaka ukiwa umelipia filamu iliyoandikwa nusu kwa nusu. Filamu ya 35 inakupa 27. Filamu ya 70 inakupa karibu 55. Mashine inapima kioo na filamu pamoja, haijui kipi kilitoka kiwandani na kipi kilitoka kwa fundi. Gari la umri wake lazima likaguliwe kila mwaka kabla ya usajili kuhuishwa, kwa hiyo hata kama askari hatamwona barabarani, kuna siku moja kwenye mwaka ambayo ina tarehe yake. Najua wanaobandua wiki ya ukaguzi na kubandika wiki ya pili. Wakifanya hivyo mara tatu wameshalipia filamu ya bei ghali, tena wameukwangua mpira wa mlango.

Nilimwandikia hesabu hii kwa kalamu ya nta juu ya kioo chake. Alinyamaza. Kisha akasema maneno ya ujana: "Wangapi wanashikwa, ami?"

Sikumjibu. Sheria kwangu ni sababu ya tatu. Ile ya kwanza nilitaka aione kwa macho yake, na hiyo ilihitaji usiku.

Jicho la nyuma la Z

Gari hili lina kasoro ambayo kila aliyewahi kuliendesha anaijua. Umbo lake zuri limelipiwa na dereva. Nguzo ya nyuma ni nene kama mbuyu, na kile kidirisha kidogo kilicho nyuma ya mlango kimepindwa juu kwa mapambo kama ncha ya jambia. Ukitaka kubadili njia kwenda kulia, unageuza shingo na unakuta bati. Katika bati hilo kuna kijipande cha kioo, si kikubwa kuliko sinia ya kahawa, na kijipande hicho ndicho kinachokuambia kama kuna mtu pale au hakuna.

Dubai ya leo ina vijana wa pikipiki wanaopeleka vyakula, maelfu, usiku kucha. Wanapita ubavuni. Wengine ni ndugu zetu hasa, kutoka Kampala na Nairobi.

Jumapili usiku tulilipeleka gari nyuma ya maghala, mahali penye taa moja tu mbali. Nilikata vipande vya filamu ya 35 na ya 70 kwa ukubwa wa kile kidirisha, nikavishika kwa maji ya sabuni tu, bila kubandika. Msaidizi wangu akavaa fulana nyeusi akasimama umbali wa hatua nne, nyuma kulia. Kijana akakaa kwenye siti, akafunga mlango, akageuza shingo.

Bila filamu alimwona mara moja. Kwa 70 alimwona, akasema labda kama jioni imezidi kidogo. Nikabandua, nikaweka 35.

"Ameondoka?" akauliza.

Msaidizi alikuwa pale pale. Alikuwa anapunga mkono.

Sikuongeza neno, na nafurahi sikuongeza. Aliteremka, akatembea mpaka pale alipokuwa amesimama yule, akageuka akakitazama kidirisha kwa muda. Habari ya nyeusi tititi sikuisikia tena kwake. Nimewahi kueleza hatari hii kwa wateja mia kwa mdomo na wamesahau kabla ya kufika kwenye taa za barabarani. Kipande cha filamu na maji ya sabuni kilifanya kazi kwa dakika tano.

Kuna ukungu pia, nilimwambia wakati tunarudi. Asubuhi za mwezi wa kwanza, ukungu ukishuka jangwani, watu wenye vioo vyeusi huteremsha madirisha ili waone saidi mira, wakaingiza baridi na vumbi ndani. Kioo unachokiteremsha ili uone kimekushinda.

Taa nyekundu dukani

Ikabaki joto la barabarani, lile la bega, na hapo ndipo filamu inapostahili pesa. Tatizo ni ipi.

Nguvu ya jua inayotufikia, karibu nusu yake ni mionzi ya infraredi, haionekani, unaihisi tu ngozini. Mwanga unaoonekana ni sehemu kubwa ya iliyobaki, na urujuanimno ni asilimia chache. Filamu ya bei rahisi ni plastiki iliyotiwa rangi. Inapunguza mwanga unaoonekana, na ile nusu isiyoonekana inaiacha ipite karibu yote. Unakaa gizani na bado unachomeka. Baada ya miaka michache ya jua hili, rangi inaungua inakuwa zambarau, gundi inachemka inatoa malengelenge. Z yake ilikuwa na filamu ya namna hiyo kwenye kioo cha nyuma, aliyoirithi kwa mwenye gari wa kwanza. Ilikuwa imefanana na ngozi ya biringani iliyochomwa.

Filamu zenye chembe za chuma hurudisha joto vizuri, ila zinasumbua simu na mtambo wa kuonyesha njia, na sura yake ya kioo cha kujitazamia mimi siipendi. Zile za seramiki zinakula infraredi bila kuhitaji giza wala chuma. Ni ghali. Kwa gari lake, 1,300, na tayari nilikuwa nimempunguzia.

Duka la kwanza lilimwonyesha taa nyekundu ya joto nyuma ya kioo, akaweka mkono, hakuhisi kitu, wakamwambia filamu inazuia asilimia 97 ya joto. Mchezo huu unachezwa mji mzima. Taa ile inatoa infraredi kwa wingi, na ile asilimia 97 mara nyingi imepimwa kwenye kipande chembamba tu cha mionzi ambacho filamu hiyo inakimudu. Jua halitoi kipande, linatoa yote. Namba ya kuuliza ni ile ya nguvu yote ya jua inayozuiwa, na ukiiuliza muuzaji hukohoa kwanza, kwa sababu inashuka sana. Filamu inayozuia tisa ya kumi ya infraredi, na infraredi ni nusu, imekupunguzia chini ya nusu ya mzigo kwa upande huo. Ni kazi kubwa, bega litashukuru, lakini si 97.

Na hata hiyo ni gari likitembea. Likisimama masaa manane juani limefungwa, filamu yoyote itachelewesha joto tu. Tafadhali mtu asikuuzie jokofu.

Uamuzi

Tukakubaliana hivi. Milango miwili seramiki ya 70. Kioo cha nyuma filamu ile ile, baada ya kubandua ile biringani. Vidirisha vya pembeni nilitaka viachwe vitupu, maana nyuma yake hakuna ngozi ya mtu wala siti. Hapo tulivutana. Yeye alisema rangi zitapishana, gari litafanana na mbuzi wa madoa. Mimi nilisema filamu ya 70 haionekani kwa nje hata ukitafuta. Alisema kama haionekani basi haina ubaya, itiwe. Hoja yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, na yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ile siti usiku akaona kwamba kwa 70 mtu anaonekana. Tulitia.

Pesa zikawa zaidi ya mara nne ya alizotenga. Nilimshauri aanze na milango, kioo cha nyuma kingoje mshahara ujao, kwa kuwa asubuhi na jioni ni bega linaloungua kwanza. Akakopa kwa rafiki akafanya yote. Vijana.

Kazi yenyewe ilikuwa siku mbili, na siku nzima ya kwanza iliishia kwenye kioo cha nyuma. Kioo kile kina nyaya nyembamba za kuondoa mvuke zilizochapwa juu ya kioo, na ukibandua filamu ya zamani kwa wembe unazing'oa. Tulitumia mvuke, taratibu, kona hadi kona, tukilainisha gundi. Nyaya zote zilisalimika isipokuwa moja iliyokuwa imekatika tangu kwa mwenyewe wa kwanza. Nilimwonyesha kabla ya kuanza na kuipiga picha, ili asije akaniambia ni mimi. Halafu kuna mpindo wa kioo chenyewe: kimepinda pande mbili kama ganda la yai, filamu ni bapa, kwa hiyo lazima uikaushe kwa hewa moto ikiwa upande wa nje mpaka ijikunje ishike umbo, ndipo uihamishie ndani. Fundi asiye na subira hukata vipande viwili akavificha kwenye mstari wa nyaya. Ukiona mstari ulionyooka mno kwenye kioo cha nyuma cha gari la namna hii, umeuona ufichaji huo.

Kwenye milango kuna mtego mwingine. Milango ya Z haina fremu juu. Ukivuta kitasa, kioo kinashuka kidogo chenyewe kutoka kwenye mpira, na ukifunga kinapanda kujibana. Kila ukifungua mlango, ukingo wa juu wa filamu unasuguliwa. Filamu ikikatwa ikafika mwisho kabisa wa kioo, mpira unaishika unaanza kuichuna. Inatakiwa iachwe kama unene wa kucha chini ya ukingo. Tena kwa siku za mwanzo, maji yakiwa hayajakauka, madirisha yasiteremshwe. Nilimwambia siku tano. Kile cha kushuka chenyewe hakizuiliki bila kuchomoa betri, kwa hiyo nikamwambia afungue mlango mara chache iwezekanavyo.

Alikwenda siku ya pili kwenye dirisha la kununulia kahawa akiwa garini.

Miezi saba baadaye

Ukingo wa mlango wa dereva ulinyanyuka, sentimeta tatu hivi, kona ya nyuma. Kahawa ilichangia, na mimi pia nilichangia: pale konani nilikuwa nimeacha nafasi ndogo kuliko nilivyomhubiria. Nilibandua kioo kizima nikakirudia bure. Kiraka kwenye filamu huonekana daima, na nisingeweza kulala najua kipo kwenye gari linalopita Al Quoz.

Ukaguzi wa mwaka gari limepita bila neno. Mkono wa kushoto umeanza kufanana na wa kulia, anasema yeye. Mimi sioni tofauti, ila sikumbishia. Watu kwenye foleni bado wanamchungulia, na nilipomuuliza kama inamkera alitabasamu kwa namna ambayo nilijua haikuwahi kumkera.

Mwezi wa nane alinipigia simu saa kumi na nusu alasiri, sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

"Ami, usukani hauguswi. Nimeshika kwa tishu. Si ulisema seramiki?"

"Lile pazia umeliweka kioo cha mbele?"

Kimya. Nikasikia mlango ukifunguka, kioo kikishuka kidogo na ule mlio wake, kisha mlango wa nyuma ukinyanyuliwa, kisha nailoni ikichanwa.

"Ninalo hapa, ami," akasema. "Linaingiaje?"